Mgeni ndani ya pipa la maji

Mazungumzo ya bwana afya mstaafu mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Bujora, wilaya ya Magu



Nimefurahi kuona kila mtu amekuja na daftari. Leo daftari litafanya kazi. Lakini kabla hatujaandika jambo jipya, nataka tufute jambo la zamani. Jambo hilo nililifundisha mimi mwenyewe, hapa Bujora, Kisesa na vijiji vya jirani, kwa miaka mingi. Nilikuwa nasema hivi: "Mbu wa malaria hazai ndani ya pipa la maji. Anazaa kwenye madimbwi, kwenye majaruba ya mpunga, kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua. Wale wa kwenye pipa ni mbu wengine."

Wengine wenu mliandika hivyo. Nimeona mzee mmoja pale anatikisa kichwa. Yeye analo hilo somo. Na mimi ndivyo nilivyofundishwa. Wakubwa wetu waliokuwapo mwaka 1973 wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, kisha wakatoka na majembe kufukia madimbwi. Baba yangu alikuwamo. Lilikuwa somo la kweli, na mpaka leo ni la kweli kwa mbu wetu wa siku zote. Yule kwa kawaida hapendi pipa.

Lakini sasa yupo mbu mwingine wa malaria, mgeni katika Afrika. Na huyo mgeni, pipa ndiyo nyumba yake.

CHUPA NILIYOIMWAGA

Sasa nitawaeleza kosa langu, maana siwezi kuwafundisha somo hili bila kulisema.

Mwaka 2021, wakati wa kiangazi, nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu. Mama mmoja wa kitongoji cha jirani alinijia nyumbani. Alikuwa amehitimu kisomo mwaka uliotangulia. Mkononi alishika chupa, ndani yake maji na viluwiluwi wa mbu. Shingoni mwa chupa alikuwa amefunga karatasi kwa uzi. Akaniambia: "Bwana afya, hawa nimewatoa kwenye pipa langu la jikoni. Tazama, wamelala. Wewe ulitufundisha kwamba viluwiluwi wa malaria ndio wanaolala juu ya maji. Tena ulitufundisha kwamba wa malaria hawakai kwenye pipa. Sasa hawa ni akina nani?"

Swali zuri sana hilo. Mtu ana masomo mawili, masomo yenyewe hayapatani, anakwenda kwa mwalimu. Na mwalimu akafanyaje? Nilicheka kidogo, nikamwambia, "Mama, hao ni wa kawaida tu, mwaga." Halafu nikamwaga mwenyewe, pale pale uani, kuku wakaja kuangalia. Mama akachukua chupa yake tupu akaenda zake. Karatasi ilidondoka chini. Niliiokota nikaitia ndani ya daftari langu, kwa sababu nilipenda mwandiko wake. Sikuisoma vizuri.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 nikasikia habari kutoka Kenya. Taasisi yao ya utafiti wa tiba, KEMRI, ilitangaza kwamba wamempata mbu mgeni wa malaria huko Marsabit, upande wa kaskazini. Mbu huyo huzaa ndani ya vyombo vya maji ya nyumbani. Nilikaa kitako. Nikaenda kulitafuta lile daftari.

Sisemi kwamba viluwiluwi wa mama yule walikuwa wa mgeni. Yawezekana walikuwa wa mbu wetu aliyekosa dimbwi wakati wa kiangazi, hilo hutokea. Wala sikuja hapa leo kuwatisha kwamba mgeni ameonekana Bujora. Ninachosema ni kwamba jibu lilikuwa ndani ya chupa, na mimi nikalimwagia kuku.

MBU SI MMOJA

Hapa kwetu mnawajua Bayeye, wale mafundi wa nyoka tunaowaona wakicheza nao wakati wa Bulabo. Mtu akiumwa na nyoka, swali la kwanza ni nyoka gani. Swila ana sumu yake, kifutu ana sumu yake, na wapo nyoka wasio na sumu kabisa. Hata hospitali utaulizwa hivyo hivyo.

Mbu nao ni hivyo. Duniani kuna aina zaidi ya 3,000 za mbu. Wanaoweza kuchukua malaria ni wa ukoo mmoja tu, unaoitwa anofelesi, na hata ndani ya ukoo huo wenye zaidi ya aina 400 ni wachache wenye madhara makubwa. Tena dume hanyonyi damu. Jike ndiye anayeuma, kwa sababu anataka damu ya kulea mayai yake.

Yupo mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Huyo ndiye anayeleta homa ya dengi, iliyosumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Ndiye pia analeta chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwanza hapa hapa nchini, upande wa Newala, mwaka 1952. Jina lenyewe ni la Kimakonde: ni mtu kujikunja kwa maumivu ya viungo. Yupo na mbu wa maji machafu ya vyoo na mitaro, yule anayelia sikioni usiku, ambaye huko pwani anaeneza matende na mabusha.

Na wale wadudu wanaoinuka kama moshi juu ya ziwa letu? Wale si wanyonya damu. Wanaingia machoni na kwenye mboga, lakini hawaambukizi ugonjwa. Waacheni.

WAGENI WALIOTANGULIA

Mtu anaweza kuuliza: mdudu mmoja mgeni ana maana gani, wakati wa kwetu tunao tele? Nitajibu kwa habari ya kanda yetu wenyewe.

Mnamjua funza. Nani hapa hajawahi kutolewa funza utotoni? Basi funza hakuwa mdudu wa Afrika. Kwao ni Amerika. Mwaka 1872 meli kutoka Brazil ilitia nanga Ambriz, katika Angola, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito. Mchanga ukashushwa ufukweni, na funza ndani yake. Kutoka pale alisafiri kwa miguu ya watu: wapagazi, askari, wafanyabiashara. Miaka ishirini tu baadaye alikuwa ziwani kwetu. Msafiri mmoja wa Austria, Oscar Baumann, alipita Uzinza mwaka 1892, hapo ng'ambo ya pili. Aliandika kwamba aliwakuta watu wamejaa vidonda vya funza, hawawezi kwenda shambani kuvuna, na vijiji vingine vimekufa kwa sababu hiyo.

Vijiji vizima, kwa mdudu anayetolewa kwa mwiba! Leo mtoto wa miaka mitano akiwashwa kidoleni anamwita mama yake, mama anachukua sindano, kazi imekwisha. Lakini watu wa Uzinza wa mwaka ule hawakumjua. Walimwacha ndani mpaka kidole kikaoza. Huo ndio ugumu wa mdudu mgeni. Ubaya wake ni ule ule wa siku zote, ila aliyemfahamu bado hajafika kijijini.

Sasa sikieni na habari ya upande wa pili, maana Afrika nayo ilimtuma mgeni Brazil. Mwezi wa Machi mwaka 1930, mtaalamu wa wadudu aitwaye Raymond Shannon alikuwa akichota viluwiluwi katika mji wa Natal, Brazil. Akakuta wa mbu wa Afrika. Inasadikiwa mbu alivuka bahari kwa meli ziendazo kasi kutoka Dakar. Malaria ikawaka mjini. Wakampiga vita mjini pale, mji ukatulia, watu wakasahau. Kumbe mbu alikuwa amekwisha kutoka, anakwenda taratibu kufuata pwani. Mwaka 1938 malaria ililipuka mashambani. Waliugua watu zaidi ya 100,000, na waliokufa walizidi 10,000. Ndipo serikali ya Brazil, pamoja na Mmarekani aitwaye Fred Soper, wakaunda jeshi la wafanyakazi wa kutafuta kila dimbwi. Ilipofika mwisho wa mwaka 1940 mbu yule hakuonekana tena.

Waliweza kwa sababu walijua wanamtafuta nani na anazaa wapi. Lakini tazameni miaka iliyopotea: kutoka 1930 mpaka 1938, na jina lake tayari lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi!

Kuna jambo moja zaidi. Makumbusho yetu hapa Bujora yanatunza ngoma na vitu vya watemi. Yapo makumbusho mengine duniani yanayotunza mbu, kila mmoja amechomwa kwenye pini na karatasi yake ndogo chini. Miaka mingi baadaye wataalamu waliwapima mbu wakavu wa Brazil waliotunzwa tangu wakati ule. Wakaona kwamba alikuwa yule anayeitwa Anopheles arabiensis, wa aina ile ile anayezaa leo katika majaruba yetu. Bila zile karatasi ndogo hakuna ambaye angejua mbu yule alitoka wapi na mwaka gani.

MGENI WA SASA

Haya, sasa tuje kwake. Jina lake la kitaalamu ni Anopheles stephensi. Alipewa jina hilo mwaka 1901 kwa heshima ya daktari mmoja Mwingereza aliyeitwa Stephens. Sisi leo tutamwita stefensi, inatosha.

Kwao ni India, Pakistan, Iran na nchi za Waarabu. Mwaka 2012 alionekana Djibouti, nchi ndogo iliyo na bandari kubwa. Wakati ule Djibouti ilikuwa karibu kuimaliza malaria: mwaka huo walihesabiwa wagonjwa 27 tu. Andikeni hapo: 27. Mwaka 2020 walihesabiwa zaidi ya 73,000. Nchi yenyewe ina watu milioni moja hivi. Mambo mengine pia yalichangia, lakini wataalamu wanamtaja huyu mbu mbele ya yote.

Mwaka 2016 akaonekana Ethiopia. Baadaye Sudan na Somalia, kisha magharibi huko Nigeria na Ghana. Kenya ilimpata mwisho wa mwaka 2022, kama nilivyosema. Mnaijua barabara yetu hii ya Musoma. Ukiifuata unafika Sirari, na ukivuka Sirari uko Kenya. Marsabit ni mbali sana, kweli. Lakini mbu huyu hategemei mbawa zake. Inadhaniwa anasafiri kwa meli, malori na mizigo, kama funza alivyosafiri kwa miguu ya wapagazi.

Tofauti yake na mbu wetu ni nini?

Mbu wetu ni mkulima. Anapenda mvua, matope, majaruba, nyayo za ng'ombe. Mvua ikikatika anapungua, na malaria inapungua naye. Stefensi ni mtu wa mjini. Anataka maji yaliyohifadhiwa: pipa, simtanki, kisima kilichojengewa, tangi la saruji, shimo la maji ya kujengea nyumba, hata tairi na ndoo iliyosahauliwa. Mvua isiponyesha watu huhifadhi maji zaidi, kwa hiyo kwake kiangazi si njaa. Mji wa Dire Dawa, Ethiopia, ulipata mlipuko wa malaria mwaka 2022 wakati wa kiangazi. Wataalamu walipofuatilia nyumba za wagonjwa walimkuta ndani ya vyombo vya maji hapo hapo karibu.

Sasa itazameni Kisesa. Tulipokuwa vijana ilikuwa mashamba na ng'ombe. Leo nyumba zinajengwa kila upande, kila mjenzi ana tangi lake la maji ya kumwagilia tofali, na kila nyumba ina simtanki au mapipa mawili matatu. Nadhani sina haja ya kuendelea.

Tena huuma mapema jioni, watu wakiwa bado nje, na hupenda kupumzika kwenye mabanda ya mifugo. Dawa nyingi za kuulia mbu zimeonekana kushindwa naye huko alikoingia. Chandarua msikiache, maana wa kwetu bado wapo na wanaua. Ila kwa stefensi chandarua peke yake hakitoshi. Na mjue, mbu haji na malaria kutoka kwao. Anaipata kwa mgonjwa aliye hapa, kisha anampa mwingine. Kwa hiyo mwenye homa apimwe, hata ikiwa ni mwezi wa Agosti na vumbi tupu. Usiseme, "Kiangazi hiki, malaria itoke wapi?"

HAYUMO KITABUNI

Wataalamu nao hawakumjua mara moja. Sikilizeni kwa nini, maana hili linawahusu nyinyi mliojifunza kusoma ukubwani.

Mtaalamu wa wadudu akitaka kumjua mbu anamweka chini ya hadubini, kioo kinachokuza vitu. Anatazama madoa ya mabawa, miguu, na vijiti viwili vilivyo kando ya mrija wa kunyonyea. Kisha anafungua kitabu cha kutambulishia. Kitabu kinauliza: ana madoa miguuni? Kama ndiyo, nenda ukurasa huu; kama hapana, nenda ule. Unafuata hivyo mpaka unafika kwenye jina. Vitabu vya anofelesi wa Afrika viliandikwa kwa uangalifu sana. Mmoja wa waandishi wake, Gillies, alifanya kazi kwa miaka mingi kwetu Tanga, upande wa Amani na Muheza. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1968, nyongeza yake mwaka 1987.

Lakini stefensi hakuwa Afrika wakati huo. Kwa hiyo hakuandikwa. Mtu aliyempata stefensi akafuata kitabu hatua kwa hatua, bila kukosea, mwishoni alifika kwenye jina la mbu mwingine! Ni kama mjumbe wa nyumba kumi anayehesabu watu kwa daftari la zamani. Mgeni amekaa sebuleni anakunywa chai, mjumbe anamwandika kwa jina la mtoto wa nyumba, kwa sababu jina la mgeni halimo. Mwaka 2020 mtaalamu Maureen Coetzee wa Afrika Kusini alitoa mwongozo mpya wa kutambulishia, na humo stefensi yumo.

Hata hivyo wanafanana mno. Mbu wetu na stefensi wote wana pete nyeupe tatu kwenye vile vijiti vya mdomoni. Stefensi ana vidoa vyeupe vya zaidi. Vidoa hivyo wewe na mimi hatuvioni kwa macho. Kwa hiyo wataalamu humaliza shaka kwa kupima vinasaba, yaani ile alama ya ukoo iliyo ndani ya mwili wa kila kiumbe. Kazi hiyo inafanyika katika maabara za utafiti. Watu wa Kisesa mnazijua habari za utafiti, maana watafiti wa NIMR Mwanza wamekuwa wakija nyumba kwa nyumba hapa tangu mwaka 1994.

LILILO KAZI YENU

Basi mtu wa Bujora asiye na hadubini aone nini? Aone mambo mawili tu: kiluwiluwi amekaaje, na yuko katika chombo gani.

Chota maji kwa bakuli jeupe, polepole, usiwatikise, maana wakishtuka wanazama. Subiri kidogo. Wa mbu wengine hawa wananing'inia, mkia juu na kichwa chini, kama popo. Wa anofelesi analala ubapa juu ya maji, kama mtu aliyelala mkekani. Mbu mkubwa akitua ukutani naye anajionyesha: wengine hukaa sambamba na ukuta, anofelesi huinua makalio juu kama anayetaka kusimama kwa kichwa.

Ukiona aliyelala yuko kwenye dimbwi au jaruba, ni wa kwetu, kawaida yake. Ukiona aliyelala yuko ndani ya pipa, simtanki, kisima cha saruji au tangi la ujenzi, hapo simama. Usimwite stefensi. Usianze kupiga kelele kijijini. Lakini usimwage wote, na bwana afya akicheka, mrudishie chupa yake mkononi.

Chukua chupa safi. Jaza nusu, kwa maji yale yale. Watie viluwiluwi kumi, kumi na watano. Usikaze kifuniko, wanahitaji hewa. Siku hiyo hiyo mpelekee mhudumu wa afya wa kijiji, au zahanati, au afisa afya wa kata, naye ataipeleka kwa wataalamu. Usiwafuge nyumbani, maana katika siku chache wataota mabawa. Ukimpata mbu mkubwa aliyekufa, mkunje ndani ya karatasi kavu, usimponde.

Halafu andika. Hapa ndipo nilipotaka kufika. Chupa isiyo na karatasi ni maji machafu tu; mtaalamu hawezi kufanya nayo lolote. Nitawasomea karatasi ya mama yule, mjue jinsi inavyoandikwa. Mahali pake sitapasoma. Inasema:

"Tarehe 14 Septemba. Pipa la jikoni, kifuniko kimepasuka. Maji ya kisima, yamekaa siku tisa. Viluwiluwi 11, wote wamelala. Mvua hakuna."

Tarehe, mahali, chombo, maji, idadi, hali ya hewa. Mtaalamu wa maabara asingeongeza neno. Mimi nilisoma chuo miaka mitatu, na siku ile mtu mwenye kisomo cha mwaka mmoja alikuwa mbele yangu. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha viazi, akaniuliza kama sasa nitazipokea chupa. Nikasema nitazipokea, hata nikiwa mstaafu.

Sri Lanka walikwisha kuimaliza malaria. Shirika la Afya Duniani liliwapa hati mwaka 2016. Mwisho wa mwaka huo huo watu wao wa afya, katika kazi ya kawaida ya kuchungulia visima huko Mannar, wakamwona stefensi. Hawakungoja wagonjwa. Wakamfuata kisima kwa kisima, na malaria haikurudi kuwa ugonjwa wa nchi. Djibouti ni mfano mmoja, na Sri Lanka ni mfano mwingine.

MASWALI

Mama mmoja ameuliza, na swali lake ni la haki: "Maji tunabeba kichwani kutoka mbali. Nikiona viluwiluwi, nimwage pipa zima?" Hapana, mama. Chukua sampuli kwanza. Kisha maji yaliyobaki yachuje kwa kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili, uyatie kwenye chombo kingine. Walionasa kwenye kanga watupe pakavu juani, watakufa. Sugua pipa kwa brashi pande zote, maana yule mbu wa dengi hugandisha mayai yake ukutani mwa pipa. Rudisha maji, ufunike. Kifuniko kikiwa kimepasuka, funga kitambaa kwa kamba, kibane vizuri. Fanya hivyo kila wiki, kwa sababu kutoka yai mpaka mbu mwenye mabawa huchukua siku saba au zaidi kidogo. Ukimkatiza kila wiki hawezi kumaliza.

Kijana mmoja, naona ni fundi ujenzi, ameuliza habari za tangi kubwa la saruji ambalo haliwezi kuchujwa. Hilo lifunikwe kwa turubai, na ujenzi ukisimama likaushwe. Mwenye nyumba akikataa, mwandikishe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Najua mafundi hamwapendi wanaoleta habari za mwenyekiti, lakini tangi likikaa na maji miezi mitatu kusubiri mwenye nyumba apate fedha ya bati, litazalisha mbu wa mtaa mzima.

Na mzee wangu pale nyuma ameuliza, akiona mbu katika zizi la ng'ombe afanyeje. Mzee, zizini mbu wapo wa kila namna. Wewe tazama maji ya kunyweshea. Hori likikaa na maji yale yale wiki nzima, chota kwa bakuli utazame wamelalaje.

Nimeleta chupa 24 zilizooshwa, ziko mezani. Uzi upo, karatasi nimezikata tayari. Kila mmoja achukue chupa moja, akatazame pipa lake leo jioni kabla ya giza. Jumamosi nitakuwa hapa tena saa tatu asubuhi, na yule mama wa chupa atakuwa nami. Yeye ndiye atakayesoma karatasi zenu.